Signe wa Iramba na Ukoo wa Kina Hedlund

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Malvern na Hamilton, na nyinyi majirani wa ghorofani mliopanda basi la Kipling asubuhi hii ya baridi kali, familia ya Mzee Gerishon Mbaabu imeandika maisha ya mama yao kadiri wanavyoyajua, mengine aliwasimulia mwenyewe miezi ya mwisho, na wameomba yasomwe yote, hata yale ambayo si kawaida kusomwa mbele ya jeneza.

Marehemu Signe Yona Kitundu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1952, katika hospitali ndogo ya misheni, wilaya ya Iramba, mkoa ambao leo unaitwa Singida, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa pekee wa Yona Kitundu na Raheli Mpinga wa kijiji cha Ndago. Siku hiyo baba yake alikuwa mbali, akikata mkonge katika mashamba ya Tanga, na mama yake alibebwa kwa machela na wanaume wanne wa ukoo, wakalala njiani mara moja, wakamfikisha akiwa hai, kisha wakabaki nje ya ua kwa sababu wanaume hawakuruhusiwa wodi ya wazazi. Mtoto alizaliwa salama, na mama akafariki Jumapili, tarehe 16 Machi. Aliyemzalisha alikuwa muuguzi wa kizungu, Bi Signe Hedlund, mzaliwa wa Minnesota huko Marekani, binti wa wahamiaji kutoka Uswidi, na mtoto akapewa jina lake, jina ambalo watu wa Ndago walishindwa kulitamka, wakalifanya Singini, na Singini ndiye aliyekuwa mpaka mwalimu wa darasa la kwanza alipolisoma kwenye cheti cha ubatizo.

Alilelewa na mama wa kambo, Mama Elinami, ambaye hakumbagua hata siku moja, kwa chakula wala kwa maneno, na marehemu alisisitiza jambo hilo liandikwe. Lakini juu ya mama aliyemzaa hakupata kuambiwa chochote. Alipokuwa na miaka minane alimwuliza shangazi yake aliyekuwa akipepeta mtama, "Shangazi, mama yangu alikuwaje?" na shangazi akajibu bila kuinua macho, "Alikuwa mtu kama watu. Nenda kateke maji." Picha haikuwapo, na kaburi lilikuwa huko misheni, moja kati ya mengi yasiyo na maandishi. Baba yake alifariki mwaka 1961 pasipo kumtaja mke wake wa kwanza mbele ya mtoto hata mara moja. Hivyo marehemu alikua akijua kwamba duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa chumbani na mama yake siku zile tatu, na mtu huyo alikuwa amekwisha kurudi kwao Marekani mwaka 1958, akiwa mgonjwa, na hakuonekana tena Iramba.

Kuhusu elimu, alisoma Shule ya Msingi Ndago kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana mjini Dodoma hadi mwaka 1970, na baadaye Chuo cha Ualimu Kinampanda, alikohitimu mwaka 1972. Akiwa chuoni aliandika barua kwa wakuu wa misheni huko Marekani kuuliza anwani ya muuguzi Hedlund, akajibiwa kwa mistari mitatu kwamba mtumishi huyo alikwisha kuacha kazi na kwamba anwani yake haijulikani. Alianza kufundisha Singida mjini Januari 1973, akahamishiwa Arusha mwaka 1975, na huko ndiko alikokutana na kijana wa Kimeru kutoka Kenya, Gerishon Mbaabu, karani katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu mpole, asiyependa maneno mengi.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 18 Desemba 1976, na watu wa Meru walikuja kwa mabasi mawili, wakacheza, wakarudi kwao, na miezi miwili baadaye mpaka ukafungwa na Jumuiya ikavunjika, kwa hiyo Mzee Gerishon alikaa miaka saba bila kumwona mama yake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kendi, aliyezaliwa Arusha tarehe 3 Juni 1979, na Yona, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1983. Mwezi Agosti mwaka 1991 familia ilihamia hapa Toronto, ikapanga Rexdale, ghorofa ya kumi na nne, ambako wako hadi leo. Mzee aliajiriwa kuendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege, na marehemu, ambaye vyeti vyake vya ualimu havikutambuliwa, alifungasha vyakula vya abiria wa ndege kwa miaka ishirini, kazi ya kusimama, kwenye chumba cha baridi, na hakuilalamikia, ila alizoea kusema kwamba sahani za ndege zinafanana mno.

Mwezi Januari mwaka 2004 aliteleza kwenye barafu kituoni Islington, akavunjika mkono wa kulia, akapewa likizo ya ugonjwa na kutumwa kliniki ya mazoezi ya viungo. Ndipo yakaanza mambo ambayo wengi wenu mmeyasikia nusunusu. Siku ya kwanza karani wa mapokezi aliita, "Signe," na wakasimama wanawake wawili, marehemu na bibi mmoja wa kizungu mwenye miaka themanini na moja, Bi Signe Wikander, ambaye wazazi wake walitoka Uswidi wakaja kulima ngano Saskatchewan. Bibi huyo alimtazama marehemu juu mpaka chini, akacheka, akasema, "Basi mmoja wetu amekosea jina."

"Si mimi," marehemu akajibu. "Mimi nilipewa na muuguzi aliyenizalisha. Alikuwa mtu wa kwenu, Hedlund."

"Hedlund yupi? Kina Hedlund hawana idadi."

"Sijui. Ninachojua ni kwamba baba yake alitoka Uswidi akiwa mtoto mdogo."

"Kama alitoka Uswidi, ameandikwa," Bi Wikander akasema. "Kwetu zamani mtu hakuzaliwa, hakuoa wala hakuhama bila mchungaji kumwandika kitabuni. Hata wale waliokwenda Amerika waliandikwa siku waliyotoka."

Mkono ulipopona marehemu alirudi kazini, lakini kila Jumamosi, kuanzia Mei mwaka huo, walikutana na Bi Wikander maktaba ya North York, wakakaa mbele ya mashine ya kusomea filamu za vitabu vya parokia, vitabu vya miaka mia na zaidi, vilivyoandikwa kwa mkono wa wachungaji waliokuwa na haraka. Bi Wikander alimfundisha Kiswidi kidogo kidogo, kwanza amezaliwa, amefariki, amehama, kisha majina ya magonjwa, kisha sentensi nzima, naye akashika kwa uvumilivu ule ule aliokuwa akiwadai wanafunzi wake wa Singida. Mzee Gerishon alikuwa akimsindikiza, anakaa pembeni na gazeti na chupa ya chai ya maziwa, na anapoulizwa na mhudumu wa maktaba anatafuta nini, anajibu kwamba yeye hatafuti kitu, amekuja na mke wake.

Miaka miwili ya kwanza ilipita bure, wakitafuta jina Hedlund mahali ambapo halikuwapo. Watu wa mashambani Uswidi enzi hizo waliitwa kwa majina ya baba zao, mwana wa Peter, binti wa Johan, na wengi walijichagulia jina la ukoo baada tu ya kufika Amerika, mtu akichukua jina la mlima, mwingine jina la mti uliokuwa karibu na nyumba yao. Mwezi Oktoba 2006 ndipo ilipofika nakala ya kitabu cha kanisa moja la mashambani Minnesota, na ndani yake mlikuwa na mstari uliosema kwamba Nils Hedlund, zamani akiitwa Nils mwana wa Johan, amezaliwa mwaka 1881 katika parokia fulani ya Småland, huko Uswidi, na binti yake wa mwisho, Signe, amezaliwa mwaka 1914 na amekuwa muuguzi Afrika. Marehemu aliusoma mstari huo mara tatu, akauandika kwenye daftari, akafunga mashine, akasema, "Baba Kendi, twende, leo mabasi yatajaa."

Watoto wake hawakumwelewa, nao wameomba hili lisemwe wazi. Krismasi ya mwaka huo Kendi alimwambia mezani, kwa Kiingereza, maana ndivyo watoto walivyokuwa wakimjibu, "Mami, unawajua babu za watu wa Minnesota mpaka kizazi cha tano, na sisi hatujui hata jina la mama yako mzazi."

"Raheli," marehemu akasema. "Anaitwa Raheli. Nipe chumvi."

Hakueleza zaidi, kwa kuwa alichokuwa akikitafuta alikijua mwenyewe, ila aliona kikitamkwa kitakuwa kidogo. Mmisionari aliyekaa miaka kumi na miwili ugenini lazima alimwandikia mama yake barua, na barua za namna hiyo hazitupwi, na kama hazikutupwa ziko kwa mtu wa ukoo wake, na ili mtu huyo azitoe ni lazima kwanza apatikane. Marehemu alipata cheti kinachoonyesha kwamba muuguzi mwenyewe alifariki mwaka 1983, hakuolewa, hakuwa na mtoto. Kwa hiyo alipanda juu kwa babu ili aweze kushuka upande wa pili kwa wajukuu, na katika kupanda huko akakuta jambo ambalo hakulitafuta.

Kitabu cha parokia kilionyesha kwamba mwezi Aprili 1888 Johan na mkewe waliandikishwa kuhamia Amerika Kaskazini na watoto wanne, na orodha ya abiria wa meli iliyotia nanga Quebec mwezi Mei ilionyesha watoto watatu. Aliyekosekana ni Hilma, umri miaka miwili. Bi Wikander alisema bila shaka alikufa baharini, wengi walikufa, lakini marehemu hakuridhika, akaagiza filamu za miaka iliyofuata, na akamkuta Hilma mwaka 1889 kwa bibi yake, na jina la ugonjwa wa macho ukingoni mwa ukurasa. Wasafiri wenye macho mabovu walikuwa wakirudishwa. Akamkuta tena mwaka 1895 peke yake, bibi amefariki, ameandikwa mtoto wa parokia, yaani wa kulelewa kwa sadaka za kanisa, na mwaka 1904 mtumishi wa ndani, na kwa barua kutoka nyaraka za huko akajulishwa kwamba alifariki mwaka 1927, akiwa na miaka arobaini na moja, mtumishi, hajaolewa, parokia ile ile. Ilimchukua marehemu majira mawili ya baridi kumfuata Hilma, na katika karatasi zote hizo hapakuwa na alama kwamba kuna mtu aliyerudi kumchukua.

Mwezi Aprili 2009 alituma barua kumi na moja kwa kina Hedlund wa kaunti ile ya Minnesota, akajitambulisha, akaeleza jina lake, akauliza kama kuna barua za muuguzi. Kumi hazikujibiwa. Moja ilijibiwa na Bwana Dennis Hedlund, mkulima mstaafu, mtoto wa kaka wa muuguzi, aliyeandika kwamba siku hizi wanapokea ujumbe mwingi kutoka kwa Waafrika wenye hadithi za ajabu, kwamba barua za shangazi yake ziko salama na si za kuonyeshwa wageni, na kwamba asiandikiwe tena. Marehemu aliisoma amesimama mbele ya masanduku ya posta ya chini, na jirani aliyepita akamsalimu, naye akaitikia kama kawaida.

Alipomwonyesha Bi Wikander karatasi za Hilma na kusema anataka kuzituma Minnesota, bibi alitikisa kichwa. "Usiwapelekee hilo. Watu wanapenda kusikia habari za meli na shamba la kwanza. Hakuna anayetaka kuambiwa kwamba babu zake walimwacha mtoto."

"Na Hilma mwenyewe?"

"Hilma amekufa, mama."

"Mama yangu naye amekufa," marehemu akajibu, "lakini angekuwapo mtu mwenye habari zake, ningependa aniandikie."

Alizituma mwezi Juni 2009, kurasa arobaini na moja za historia ya ukoo, na Hilma ndani yake katika nafasi yake, kati ya Nils na mdogo wake, na safari hii hakuomba kitu chochote. Mwaka ulipita, ukapita na zaidi. Tarehe 19 Agosti 2010 simu ililia nyumbani Rexdale, Mzee Gerishon akaipokea, akampa mkewe akisema ni mwanamume, na analia.

"Babu yangu Nils," Dennis Hedlund alisema, "siku tatu kabla ya kufa alikuwa akiita Hilma, Hilma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwapo. Sote tulidhani alikuwa na mwanamke. Bibi yangu aliishi miaka tisa baada ya hapo, akafa akiamini hivyo."

Marehemu akasema, "Alikuwa na miaka saba, dada yake alipoachwa. Alikuwa anamkumbuka."

"Ndiyo," Dennis akasema. "Sasa tunajua. Mwakani, Julai, ukoo wote unakutana. Tafadhali njoo uwasomee wewe mwenyewe. Barua za shangazi nitazileta."

Bi Wikander hakuiona safari hiyo, alifariki Machi 2011, na marehemu alikuwa mmoja wa watu sita waliohudhuria mazishi yake. Mwezi Julai yeye na Mzee walikwenda kwa basi kupitia Detroit na Chicago, na Jumamosi tarehe 16 Julai 2011, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri, mbele ya watu wapatao sabini wa ukoo wa Hedlund, mwanamke wa Iramba mwenye jina lao alisimama akawasomea walikotoka. Alisoma kwa dakika arobaini kwa sauti ya darasani, bila kupamba, na alipofika kwa Hilma hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Mzee Gerishon anakumbuka kwamba wanaume wazima walifunika nyuso, na mwanamke mmoja mzee alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na baadaye watu walipanga mstari kumshika mkono, naye aliwashika mmoja mmoja huku akitazama sanduku la bati lililokuwa mezani karibu na birika la kahawa.

Barua zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zote kwa Kiswidi, na katika ukumbi ule hapakuwa na Hedlund aliyeweza kuzisoma. Walikuwa wamezitunza miaka hamsini wasijue zinasema nini. Marehemu aliomba chumba, akapewa darasa la Shule ya Jumapili, viti vyake vidogo vya watoto, akaketi na mumewe, akatafuta Machi 1952, akaipata, karatasi mbili nyembamba, zenye tarehe 19. Alisoma yote kimya kwanza.

"Inasemaje, Mama Kendi?" Mzee akauliza.

Akamsomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, na familia imeruhusu maneno hayo yasomwe hapa kama alivyoyatafsiri mwenyewe:

"Mama mpendwa, Ijumaa waliniletea mwanamke kwa machela, anaitwa Raheli, labda ana miaka ishirini. Alizaa msichana, mzima kabisa. Damu ilitoka nyingi, tukaizuia, nikaona amepona. Jumamosi aliketi, akanywa uji, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yuko, lakini mbali. Akasema, basi mwandikie, umwambie kwamba mtoto wake amenisaidia. Jumapili ilikuwa zamu yangu kupiga kinanda, nikaenda ibadani nikamwacha. Wangeweza kuimba bila mimi. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuwa mahali pasipo na mgonjwa. Niliporudi alikuwa ameshakufa, peke yake, na mtoto yuko kifuani pake, amelala. Leo wazee wa ukoo wamekuja, wanasema mtoto ataitwa kwa jina langu. Nimekataa mara mbili. Wakadhani ni unyenyekevu. Mama, haya usimwambie mchungaji."

Marehemu akasema, "Basi," akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akatoka kuuliza kama kuna mahali pa kutoa nakala. Hakulia. Mzee alingoja alie Chicago, akangoja mpakani, ambako afisa aliuliza safari ilikuwa ya nini, naye akajibu, "Mambo ya familia." Jumatatu alirudi kazini. Alikuwa amemtafuta mtu aliyekuwapo, akamkuta, na mtu huyo hakuwapo. Baadaye alikuja kumwambia Kendi kwamba kwa majuma mengi alijisikia kama mkono ule uliovunjika ulivyokuwa ndani ya plasta, upo, ni wake, lakini ukiguswa hausikii.

Kina Hedlund walimwachia sanduku lote, wakimwomba awatafsirie, na kuanzia Septemba 2011, na zaidi tangu alipostaafu Aprili 2012, alikuwa akitafsiri kila siku baada ya kifungua kinywa, kwa Kiingereza kwa ajili ya Minnesota, na kwa Kiswahili kwa ajili ya Iramba. Maana muuguzi yule alikuwa akiandika majina. Aliandika nani amezaa, nani amekufa kwa ndui, nani ameletwa na mumewe mgongoni, alisema nini, alizikwa upande gani wa ua. Marehemu alipiga simu Ndago, Kinampanda na Singida, akatafuta watoto na wajukuu wa majina hayo, akawatumia kurasa zao, na hadi anaugua alikuwa amezifikia familia thelathini na saba. Mzee mmoja wa Ndago, aliyepelekewa mistari minne juu ya kaka yake aliyefia misheni mwaka 1949, alimpigia simu akamwambia, "Mwanangu, sisi nyumbani tulikuwa tumeambiwa alikimbia. Tulimlaani miaka sitini." Simu hiyo alitusimulia wengi, hapa kanisani, wakati wa chai, na alikuwa akiisimulia kwa uso mkavu, kama mtu anayetoa taarifa ya kamati.

Tarehe 5 Mei 2017 madaktari waligundua saratani ya kongosho, ikiwa imesambaa. Alitibiwa kwa miezi mitano, na mwezi Oktoba aliomba dawa zisimamishwe, akabaki nyumbani, kitanda kikawekwa sebuleni karibu na dirisha. Mwezi huo ndipo alipompa Kendi nakala ya barua na tafsiri yake. Kendi aliisoma, akakaa sakafuni, akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mami, miaka sita. Kwa nini wewe hukutuambia?"

"Nilikuwa nangoja nijue nahisi nini juu yake, niwaambie vyote pamoja."

"Na sasa unajua?"

"Hapana," marehemu akasema. "Lakini muda umekwisha, nikaona nikupe hivyo hivyo."

Kendi anasema hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kufanya juu ya jambo hilo, na kwamba mama yake alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka chai ikaiva. Marehemu aliendelea kufanya kazi, Yona akiandika anayotamkiwa, hadi tarehe 2 Januari, na barua alizoacha bila kutafsiri ni kumi na tisa. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Januari 2018, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake Rexdale, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mumewe, watoto wake wote wawili na muuguzi wa zamu wakiwapo. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Dada Asumpta, aliyekuja nyumbani kila siku katika theluji na hakuondoka kabla ya kumsuka nywele, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa jiko la ndege waliochanga na kuja na sare zao, majirani wa ghorofa ya kumi na nne, Mzee Télesphore na vijana wa kwaya walioleta viti, mchungaji wetu, na ukoo wa Hedlund wa Minnesota, ambao wametuma watu wanne, wameketi pale nyuma, hawaelewi neno hata moja la haya yanayosomwa, na wamekataa kutafsiriwa, wamesema watasikiliza tu.

Mwisho, Mzee Gerishon ameomba isomwe kwa niaba yake kwamba hajalia bado, asifikiriwe vibaya, machozi hajui yako wapi, na kwamba asubuhi ya leo aliamka akachemsha chai ya watu wawili, akanywa vikombe vyote viwili, kwa sababu alikuwa ameshaitia sukari. Anawashukuru mnaokaa naye bila kumuuliza neno, na anaomba mwendelee hivyo hivyo kwa muda.

Mama Kendi, umefika, pumzika sasa kwa amani.